Angalia Nani Anamiminiwa Chai

Siku ya kuniaga shuleni walinipa mbuzi. Walimu walipiga makofi, mwalimu mkuu akanikabidhi kamba, na kabla sijasema asante nilimfungua yule mbuzi mdomo nikamwangalia meno. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa nimeambiwa, bila kuuliza, kwamba ni mbuzi mchanga sana, na katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mtu akikutangulizia umri wa mchezaji kabla hujamuuliza, lazima umwangalie meno. Mbuzi alikuwa mzee. Nilimchukua hivyo hivyo.

Ninyi vijana mnaoshika filimbi sasa mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya ualimu wa michezo. Kwa nini mmeniomba sasa hivi, wakati pesa za michezo zinataka kukatwa, nimejiuliza, na nina jibu langu. Lakini nitaandika. Msitarajie habari za vyeo. Mwalimu wa michezo hapandi cheo, hupanda lori tu, tena nyuma, pamoja na watoto na masufuria.

Nilianza kazi katika shule moja ya wavulana upande wa Myanga, Bungoma. Niliajiriwa kufundisha jiografia. Mwalimu mkuu hakuangalia vyeti vyangu, aliangalia urefu wangu, akasema, "Wewe utasaidia Barasa na mpila." Barasa ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo, mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye macho yaliyokuwa kila mara yakiangalia nyuma yako kana kwamba umekuja na mtu. Alinipeleka stoo. Ilinuka chokaa na ngozi iliyooza. Mipira mibovu ilikuwa imepangwa vizuri mbele, juu ya rafu, kila mtu aione. Mpira mzuri alikuwa ameuficha chini kabisa ya gunia la makaa.

"Unawaficha wanafunzi?" nikamuuliza.

"Wanafunzi hawana shida," akasema. "Nawaficha walimu."

Nilidhani ni mtu mchoyo. Baada ya muda mfupi naibu wa mwalimu mkuu alikuja kuazima mpira kwa ajili ya sherehe ya kanisa lao, akapewa mmoja wa rafuni, na hadi leo haujarudi.

Barasa alinifundisha kazi kwa mikono. Alinifundisha kulowesha sindano ya pampu kwa mate kabla ya kuiingiza, maana ukiiingiza kavu utatoboa kibofu. Alinifundisha kushona mpira kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, ukikaza kila mshono kwa goti. Chokaa ikikosekana tulichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, na majivu yakilowa tulichora tena. Na tukienda kucheza ugenini, kabla ya kushusha watoto, alizunguka uwanja wote kwa miguu akiangalia chini. Mara moja alikuta shimo jipya lililofunikwa kwa nyasi, pembeni kabisa, pale ambapo winga wetu alizoea kupita. Wenyeji walisema ni fuko. Barasa aliinama, akaokota udongo, akaunusa, akasema fuko huyo anatumia jembe.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa mamluki. Nyinyi mnalijua neno, ila wasomaji wengine huenda hawalijui. Mamluki ni mchezaji wa kuazimwa. Shule inataka kombe, basi inamchukua kijana aliyemaliza masomo zamani, au anayefanya kazi mahali, inamvalisha sare, inamtafutia karatasi, na mnaambiwa ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Wengi wetu tulikuwa tunaangalia ndevu. Tulikuwa tunaangalia vyeti vya kuzaliwa kwenye jua tukitafuta alama za wembe. Barasa hakuangalia hayo.

"Wewe ngojea wakati ya chakula," aliniambia. "Watu wa huku kwetu wanaweza kudanganya na kila kitu, lakini hawawezi kuacha mgeni ajipakulie."

Sikumwelewa mpaka siku ile ya mashindano huko Kamukuywa. Timu yetu ilikuwa imefika fainali na wenyeji walikuwa wametupikia kuku. Kwenye kikosi chetu kulikuwa na kijana mrefu, nambari tisa, ambaye mwalimu mkuu alisema amehamia kwetu kutoka mbali. Karatasi zake zilikuwa safi, safi kupita kiasi kwa maoni yangu ya sasa, lakini wakati ule nilikuwa bado ninaamini karatasi. Watoto walikaa kwenye baraza na sinia likaletwa. Kapteni wetu, mtoto wa nyumba yenye adabu, aliingiza vidole ndani ya mchuzi, akatafuta, akatoa firigisi, akaiweka kwenye sahani ya nambari tisa. Wengine wote walishikilia ugali mkononi wakingoja yule aanze.

Barasa aliacha kutafuna.

"Umeona?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona wanakula."

"Firigisi, bana. Hiyo kwetu inapewa nani?"

Ndipo nikaona. Kwetu Bungoma firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, au ya shemeji, au ya mgeni wa heshima. Hakuna mtoto anayempa mwanafunzi mwenzake firigisi. Mwenzako unamnyang'anya. Wanafunzi wa kweli wanasukumana, wanaitana majina mabaya, wanaibiana nyama. Huyu alikuwa anapewa heshima ya mkwe. Watoto wetu walikuwa wamefundishwa kumwita jina la uongo na kukumbuka darasa lake la uongo, lakini hakuna aliyekumbuka kuwaambia wasimkaribishe.

Barasa alienda akachuchumaa mbele ya yule kijana akamuuliza kwa upole kazi yake halisi ni gani. Kijana alimeza, akaangalia chini, akasema anauza nyama katika bucha huko Chwele. Alivua jezi mwenyewe. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amesimama pale karibu na jukwaa, na sura yake ilionyesha kwamba anajua habari zote. Aliyeingia mahali pa nambari tisa alikuwa mvulana mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa benchi tangu yule mgeni aje. Alicheza kwa moyo na tukafungwa. Barasa alimpigia makofi peke yake.

Muhula uliofuata Barasa alihamishwa kwenda shule ya mbali huko juu Cheptais. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupanga upya walimu. Nayaandika maneno hayo kwa makusudi, kwa sababu mtayakuta tena mbele. Nilimsaidia kubeba godoro hadi barabarani. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, nikamuuliza kama hajuti, maana ile ilikuwa timu yetu wenyewe.

"Ule mtoto wa benchi," akasema, "wewe uliwahi kumwangalia uso siku zile zote? Mimi nilimwangalia." Halafu akanipa sindano yake ya kushonea mipira na filimbi yake, akapanda gari.

Sikumwona tena kazini. Filimbi hiyo nimeipuliza hadi siku ya mbuzi, na tena mara moja tu baada ya hapo.

Baadaye nilihamia Kitale, katika shule ya kutwa ya mseto, nikabaki hapo hadi mwisho. Wavulana walikuwa na mwalimu wao, basi nikachukua wasichana na mpira wa wavu. Mpira wa wavu unapendwa na shule maskini kwa sababu unahitaji miti miwili na wavu mmoja. Wavu wetu niliufuma upya mara nyingi kwa nyuzi za magunia ya mbolea, na ukiuangalia vizuri utaona rangi za misimu yote ya kupanda mahindi. Wakati wa mvua uwanja wa Kitale huwa matope tu, na wasichana walijifunza kuruka kutoka kwenye matope, kwa hivyo tukienda kucheza mahali pakavu walikuwa wanaruka kuliko wengine. Makocha wenzangu walinishuku kwamba ninatumia mamluki. Nilifurahi sana kushukiwa.

Mimi mwenyewe niliwashuku wote. Mashindano ya kanda yakianza nilikuwa sikai jukwaani, nilikaa karibu na jikoni. Nilijifanya ninasaidia kubeba maji na huku ninaangalia nani anapakuliwa kwanza, nani anaambiwa karibu, nani anaachiwa kivuli. Nimewatoa wachezaji wengi uwanjani kwa kuangalia kikombe cha chai. Waliniita Siaidii, yaani mpelelezi. Walimu wengine wakiniona wanakuja kunisalimu, "Niaje, Mwalimu Wafula," walikuwa wananivuta mbali na masufuria. Na mimi nilikuwa nasalimu huku nimegeuza shingo.

Miaka yangu ya mwisho nililetewa mwalimu msaidizi, Madam Nasimiyu. Mwanzoni nilimshuku pia, kwa kuwa alikuwa anakuja mapema kuliko mimi. Nilimpa ufunguo mmoja tu wa stoo na nikangoja. Hakuna kilichopotea. Nilimfundisha nyuzi, pampu, majivu na jikoni. Alikuwa mwepesi kuelewa na mkali kwa wasichana, nao walimpenda. Nilipostaafu nilimwachia kila kitu isipokuwa filimbi, na nilimwachia pia kapteni mzuri kuliko wote niliowahi kufundisha, msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Sharon. Sharon ni mnyamavu darasani, alama zake za kawaida, lakini akisimama karibu na wavu hata mpira unaonekana kumsikiliza. Nilijua mamake alifariki na kwamba babake anafanya kazi katika shamba kubwa la mahindi nje ya mji. Babake huyo hakuwahi kukanyaga shule, hata siku ya kulipa karo alimtuma mtoto mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa nimestaafu kwa muda mfupi tu wakati redio ilipoanza kusema kwamba kuna pendekezo la kukata pesa za michezo katika shule za umma. Redio haikusema kukata. Ilisema kupanga upya vipaumbele. Nilizima redio nikakaa. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara ya kwanza nikiwa na godoro la Barasa kichwani. Nikajiuliza maswali ambayo mtu yeyote wa jikoni angejiuliza. Kama pesa ni chache, kwa nini kinachokatwa kwanza ni kile ambacho watoto wanakipenda na hakina mtu mkubwa wa kukitetea? Na kama uamuzi haujafanywa, kwa nini wazazi wanaitwa haraka hivyo kutoa maoni?

Madam Nasimiyu alinipigia simu. "Mwalimu, kuna kikao Alhamisi. Wazazi watasema kama timu za kusafiri ziendelee ama zifungwe. Wakisema zifungwe, wasichana ndio wataanza kufungiwa. Itaandikwa ndiyo maoni ya shule. Si utakuja?"

"Nani ameandaa?"

"Ofisi ya elimu."

"Chai ya nani?"

"Mwalimu, sasa chai inaingilia wapi?"

Nilikuja, na filimbi nikatia mfukoni kwa mazoea.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kulia chakula. Afisa aliyetoka ofisini alikuwa mpole mno, anacheka na kila mtu na kumshika kila mtu bega. Alisema yeye hana upande, amekuja kusikiliza. Nikamtilia alama moyoni. Wanaume wanne waliokaa pamoja upande wa dirisha walisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akasema, "Mimi kama mzazi wa hii shule." Walisema michezo inapotezea watoto wakati, inaleta mimba, inakula pesa za vitabu. Walisema vizuri, kwa mpangilio, na hakuna aliyerudia neno la mwenzake. Wazazi wa kweli wakiongea hurudiana hadi unachoka.

Nisiwadanganye kwamba upande ule ulikuwa na watu wa uongo tu. Baba Wanjiku, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, alisimama akasema mtoto wake aliumia goti uwanjani, hospitali ikamla pesa, na hakuna aliyemsaidia. "Mimi sichukii mpira," alisema, "lakini mkitaka watoto wetu waruke, muwe na mtu wa kuwadaka." Nilimwamini kwa kila neno, na iliniuma kumwamini.

Kisha akasimama mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alisema yeye ni mama ya Sharon, kapteni wa timu.

Niliinua kichwa.

Aliongea kama mhubiri. Alieleza jinsi msichana wake alivyokuwa hataki shule, jinsi mpira ulivyomrudisha, jinsi anavyofua jezi yake usiku na kuianika juu ya jiko. Akina mama walipangusa macho. Hata afisa aliacha kucheka. Sharon alikuwa amekaa mbele na wenzake wa timu, walioitwa waje waonekane. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua mamake alifariki, lakini nikajiambia pengine babake ameoa tena. Nilitaka sana iwe hivyo.

Chai ikaletwa kabla ya kupiga kura ya mikono. Nilisogea karibu na birika, mahali pangu pa siku zote. Wapishi waliwaambia wazazi wajihudumie, vikombe viko pale. Lakini wale wanne wa dirishani walipelekewa chai walipokaa, na aliyewapelekea ni dereva wa gari la afisa, akiuliza kila mmoja kama sukari imetosha. Nikacheka peke yangu. Hao walikuwa rahisi.

Halafu nikamwona Sharon. Alimletea yule mama wa kitambaa cha kijani maji ya kunawa, akamshikia beseni, akapiga goti kidogo. Akammiminia chai kwa mikono miwili. Akasema, "Karibu, mama. Pole na safari."

Niliumia. Nimelea mabinti wawili, nimefundisha wasichana wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi kuona hata mmoja akimkaribisha mamake hivyo. Mama akija shuleni, msichana anamvuta pembeni, anamuuliza mbona umevaa hivyo, ananyoosha mkono apewe pesa ya kitu. Mama mwenyewe hapewi pole ya safari.

Nilimfuata Madam Nasimiyu nyuma ya jikoni.

"Yule mama ni wa wapi?"

Alitaka kujibu kitu kingine, kisha akaangalia uso wangu. "Ni aunty yangu. Wa Myanga."

"Na Sharon?"

"Sharon alikubali. Nilimuuliza. Mwalimu, wao wameleta watu wao wanne na ofisi inawapea chai. Mimi nimeleta mmoja. Mmoja tu. Tukipoteza leo hao wasichana hawachezi tena, na unajua wengine hawatarudi hata darasani. Wewe ndiye ulinifundisha kuangalia. Sasa angalia upande mwingine kidogo tu."

Sitaficha, nilitamani kuangalia upande mwingine. Mfumaji wa ule wavu ni mimi. Ningewatoa wale wanne na kumwacha yule mmoja, na kikao kingekuwa chetu. Ila nilimkumbuka yule mvulana mwembamba wa benchi. Nikajiuliza leo benchi imekaliwa na nani. Nikarudi ukumbini nikaangalia viti vya nyuma kabisa, na pale, karibu na mlango, niliona mwanamume aliyevaa makoti mawili, buti za shamba miguuni, hana kikombe. Hakuna aliyemkaribisha. Alikuwa anamwangalia Sharon.

Nilisimama mbele nikapuliza filimbi. Waliokuwa wanaongea walinyamaza, kwa sababu nusu yao nimewafundisha.

"Mzee, hiyo haiko kwa ajenda," afisa alisema akicheka.

"Najua. Ni dakika kidogo tu." Nikamwambia mwalimu wa zamu apige kengele, ile rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa nje, na wanafunzi wote waje. Walipojaa mlangoni nikasema, "Kila mtoto aende asimame na mzazi wake."

Kelele zilizofuata sitazisahau. Watoto walipenya katikati ya viti, wengine wakicheka, wengine wakiona haya. Mvulana mmoja alimnyang'anya mamake simu pale pale. Wanjiku, goti lake bado limefungwa bendeji, alijibanza nyuma ya babake. Mama mmoja alibaki bila mtoto, na darasa zima likapaza sauti, "Huyo ni mamake Kevo, Kevo ni mgonjwa," nikasema sawa. Wale wanne wakabaki na vikombe vyao. Mmoja alitoa simu ambayo haikuwa imelia, akasema "Halo, halo," akatoka nayo. Wengine walimfuata. Afisa aliandika kitu, sijui nini.

Na yule mama wa kitambaa cha kijani alikuwa amesimama peke yake. Sharon alikuwa bado katikati ya ukumbi. Alimwangalia Madam Nasimiyu, ambaye alikuwa ameficha uso kwa kiganja. Kisha Sharon akageuka akatembea hadi nyuma, karibu na mlango, akasimama kando ya yule mwanamume wa buti.

Watu walielewa. Kulikuwa na minong'ono mibaya. Baba Wanjiku alisema kwa sauti, "Kwa hivyo pia nyinyi." Aunty wa Myanga alikusanya mkoba wake, akapita karibu nami, akaniambia, "Mwarimu, umenipea kadi nyekundu mbele ya watu," na nadhani alikuwa anajaribu kunisaidia kucheka. Nilikuwa na uhakika kwamba nimeua timu yangu kwa mkono wangu.

Mwenyekiti wa wazazi hakujua la kufanya, basi akamwuliza yule baba kama ana neno. Aliitwa Simiyu. Alivua kofia.

"Mimi siongeangi mbele ya watu," alisema. "Nilikuja hapa kusema hii mpila iishe. Nyumbani niko na kazi, na huyu anafika amechoka. Hiyo ndiyo nilikuwa nimekuja nayo." Aligeuza kofia mikononi. "Sasa huyo mama akasimama akasema yeye ndiye mama ya Sharon. Nikaangalia mtoto wangu. Hakukataa. Nikashangaa. Nyumbani kuna leso ya mamake kwa msumari. Hata mimi haniruhusu niitoe nifue. Na leo ameazima watu jina la mamake." Aliangalia kofia yake. "Basi nikajua hii mpila ni kubwa kuliko vile nilikuwa nadhani. Mngeniuliza tu mimi. Mimi ndiyo niko."

Akainua mkono, ingawa kura ilikuwa bado haijaitishwa. Mwenyekiti akaona afadhali aanzie hapo. Mikono ilipanda mmoja mmoja, si yote. Baba Wanjiku aliuliza kama ataandikiwa kwamba lazima pawe na mtu wa huduma ya kwanza uwanjani, akaambiwa itaandikwa, akasema yeye anataka kuiona ikiandikwa, nikampenda sana. Alisimama nyuma ya afisa hadi ilipoandikwa, kisha naye akainua mkono. Wasichana waliendelea kuwa na timu, kwa maoni ya wazazi waliokuwa wazazi.

Maoni hayo yatafika wapi sijui. Afisa aliniaga kwa mikono miwili na kuniambia shule hii ina bahati kuwa na mzee kama mimi, na tangu siku hiyo silali vizuri. Ninyi mnaobaki, msingoje tangazo. Ulizeni. Mkisikia kupanga upya, ulizeni tena. Madam Nasimiyu hakunisalimia kwa muda mrefu. Juzi alinitumia picha ya wavu uliofumwa upya, bila neno. Nimeikuza picha nikaangalia mafundo, ni ya kwake mwenyewe.

Lakini kile kilichonirudisha nyumbani nikiwa na amani siku ile ni kitu kidogo. Watu walipokuwa wanatoka, mpishi alimpelekea Simiyu chai na andazi, akiwa amechelewa. Sharon alikuja mbio kutoka uwanjani, kifundo cha mguu kina tope, hakupiga goti, hakusema karibu wala pole na safari. Aliinama, akavunja andazi la babake, akachukua nusu kubwa, akakimbia nalo huku anatafuna. Simiyu alibaki ameshika ile nusu ndogo. Nilikuwa nimesimama pale karibu na birika, nikamwangalia yule mtoto hadi alipofika kwenye wavu.